Umri wa kujifunza sataranji: unachoamua na unachosingiziwa

Swali la umri katika sataranji huulizwa na watu wa aina mbili. Kuna mzazi anayemwona mwanawe wa miaka 5 akipanga kete na anataka kujua kama amtafutie mwalimu sasa au asubiri. Na kuna mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, aliyejifunzia mchezo kwenye simu na kuwafunga wenzake wote kazini. Siku anaingia mashindano ya kwanza, anapigwa na mtoto wa darasa la tano ambaye miguu yake haigusi sakafu. Huyu hurudi nyumbani akijiuliza: nimechelewa?

Wote wawili hupewa jibu moja la mkato: anza mapema, ukichelewa basi tena. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limefunga mambo matatu katika fundo moja. Linachanganya umri wa kujua kete zinavyotembea na umri wa kuanza mazoezi yenyewe. Linamweka anayetaka ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, kapu moja na anayetaka kuwa tishio kwenye klabu ya mjini kwake. Tena linachukua upungufu wa saa za mazoezi na kuuita uzee. Kabla ya kulifungua fundo hilo, tuone nguvu ya mchezaji inapimwaje, maana nusu ya ubishi wa umri huzaliwa kwenye kipimo.

Alama, na mtego wake kwa watoto

Alama zinazotumika duniani huitwa Elo, kwa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufundisha Milwaukee, Marekani. Shirikisho la dunia, FIDE, lilizipokea mwaka 1970. Alama hizi hazipimi elimu ya mtu. Zinakadiria atavuna nini dhidi ya fulani. Ukimzidi mwenzako kwa alama 100, unatarajiwa kupata kama pointi 64 katika michezo 100 (ushindi ni pointi 1, sare nusu). Ukimzidi kwa 200, kama 76. Kwa 400, kama 91. Masta wa Kimataifa, kwa njia ya kawaida, hana budi kufika 2400 na grandmasta 2500, na kila mmoja aoneshe matokeo ya kiwango cha cheo chake katika mashindano yenye wapinzani wazito, mara tatu.

Mchezo ukiisha, tofauti kati ya ulichopata na ulichotarajiwa kupata huzidishwa kwa namba iitwayo K. Mchezaji mgeni ana K ya 40 mpaka amalize michezo 30. Baada ya hapo mtu mzima aliye chini ya 2400 huteremka hadi K ya 20, lakini kijana hubaki na 40 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18, mradi alama zake hazijafika 2300. Sasa chukua wachezaji wawili wenye alama 1600, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa 35, wote wazoefu. Kila mmoja anacheza raundi 9 dhidi ya watu wa 1600 na kupata pointi 6 badala ya 4.5 zilizotarajiwa. Mtoto anaongeza 1.5 × 40, yaani 60. Mtu mzima anaongeza 30. Wamecheza sawasawa, lakini anayetazama orodha tu atasema mtoto anapaa na mzee anasuasua.

Ajabu ni kwamba hata kwa K hiyo kubwa, alama za mtoto mara nyingi huwa nyuma ya nguvu zake, hasa mahali ambapo mashindano ya FIDE hupatikana mara mbili tatu kwa mwaka. Mtoto hujifunza kati ya shindano na shindano, na karatasi haijui. Yule wa darasa la tano mwenye 1450 huenda anacheza kama mtu wa 1700. Machi 2024 FIDE ilijaribu kulirekebisha hili: kila aliyekuwa chini ya 2000 alifidiwa asilimia 40 ya pengo lake hadi 2000, hivyo mwenye 1200 akaamka ana 1520, na kiwango cha chini kabisa kikapandishwa kutoka 1000 hadi 1400. Mtu akikuonesha mchoro wa maendeleo yake unaovuka tarehe hiyo, toa kwanza zawadi ya FIDE ndipo umpongeze.

Kuanza kupi?

Magnus Carlsen alifundishwa kete na baba yake akiwa na miaka 5. Hakuvutiwa. Mchezo ulimwingia baadaye, kwa sehemu kwa sababu alitaka kumfunga dada yake mkubwa, na shindano lake la kwanza alicheza akiwa na miaka 8. Akawa grandmasta akiwa na 13, mwaka 2004, na bingwa wa dunia mwaka 2013. Je, alianza akiwa na miaka 5 au 8? Miaka mitatu si midogo kwa mtoto, na ukimwuliza mchezaji yeyote "ulianza lini?" hujui anakujibu swali lipi.

Maurice Ashley, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Brooklyn, ndiye grandmasta wa kwanza Mweusi. Sataranji ilimteka kweli akiwa na miaka 14, shule ya sekondari, na cheo akakipata mwaka 1999 akiwa na miaka 33. Mikhail Chigorin wa Urusi alizijua kete akiwa na miaka 16 na hakuuchukua mchezo kwa uzito mpaka alipokaribia 24. Hata hivyo alifika kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Wilhelm Steinitz mara mbili, mwaka 1889 na 1892.

Kwa hiyo kuna umri wa aina tatu wa kutenganisha: ule ambao mtu alijua farasi anarukaje, ule alioanza kusoma na kucheza kwa ratiba, na ule aliofika mbele ya wapinzani wanaomzidi mara kwa mara. Wa kwanza hausemi mengi. Kujua kete zinavyotembea ni kazi ya mchana mmoja. Mtoto wa miaka 4 aliyejua kisha akaliweka sanduku juu ya kabati hadi miaka 10 hana mtaji wowote juu ya aliyejua akiwa na 10. Wa pili na wa tatu ndio wenye uzito, na huo wa tatu husahaulika. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza akiwa na miaka 9 hivi, katika klabu ya Robert Katende, na kufikia 2010 alikuwa ameiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji. Umri wake wa kuanza haukuwa mbaya hata kidogo. Alichokuwa nacho kidogo kuliko rika lake wa Moscow au Chennai ni wapinzani wa alama 2200 wa kukaa nao kila Jumamosi, na vitabu, na nauli.

Takwimu zinavyosema

Utafiti unaotajwa sana ni wa Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, uliochapishwa mwaka 2007, juu ya wachezaji 104 wa Argentina, kuanzia wa kawaida hadi magrandmasta. Miongoni mwa walioanza wakiwa na miaka 12 au chini yake, kama mmoja kati ya wanne alifika ngazi ya kimataifa. Miongoni mwa walioanza baada ya hapo, kama mmoja kati ya hamsini.

Ukiishia hapo umepata kichwa cha habari cha kutisha. Lakini utafiti huohuo ulihesabu saa. Kwa wastani, kufika ngazi ya umasta kuliwachukua wachezaji hao takriban saa 11,000 za mazoezi, ya peke yao na ya pamoja na wengine. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote alitumia kama 3,000. Aliyekuwa mzito kuliko wote alitumia zaidi ya 23,000. Mara nane! Wako pia waliotumia saa nyingi kuliko huyo na umasta hawakuuona. Yaani hata ukiliweka kando suala la umri, binadamu hawafanani katika kasi ya kushika mchezo, na anayekuahidi cheo kwa idadi fulani ya saa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwaka 2005 Neil Charness na wenzake walikuwa wameonesha kwamba, katika mambo waliyoyapima, kilichotabiri nguvu ya mchezaji kuliko kingine ni saa za kusoma peke yake kwa dhati: kuchambua michezo na kufumbua mafumbo, tofauti na kucheza tu. Magrandmasta walikuwa wametumia kama saa 5,000 za namna hiyo katika miaka kumi yao ya kwanza, takriban mara tano ya wachezaji wa kati.

Sasa piga hesabu na hizo 5,000. Mtoto aanze akiwa na miaka 7, asome saa moja na nusu kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni saa 450 kwa mwaka, na akitimiza 18 ana 4,950. Mtu wa miaka 25, mwenye kazi na familia, anayejibana kupata saa 5 kwa wiki, ana kama 250 kwa mwaka. Atafika palepale akiwa na miaka 45. Hapa hatujasema lolote kuhusu ubongo. Tumegawa muda tu. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa faida ya kuanza mapema ni kwamba utoto ndio wakati pekee maishani ambapo mtu hupikiwa, hufuliwa, halipi kodi ya nyumba, na akikaa na ubao saa tatu watu humsifu.

Kuna uchujaji pia. Anayeanza akiwa na miaka 6 kwa kawaida ana mzazi anayecheza, au shule yenye klabu, au mji wenye kocha. Umri wake wa kuanza umebeba vyote hivyo mgongoni. Walioanza wakiwa na 6 na kuacha wakiwa na 9 hawamo kwenye orodha za mashindano, kwa hiyo hatuwahesabu. Tunaowaona ni waliobaki, tena waliobaki kwa sababu mchezo uliwakubali.

Je, ubongo hauna neno?

Unalo. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wakifuata nyayo za Mholanzi Adriaan de Groot, waliwaonesha wachezaji ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5 na kuwataka waupange upya kwa kumbukumbu. Masta alirudisha sehemu kubwa ya kete. Anayeanza, nne tano. Kete zilipotupwa ubaoni ovyo, bila mpango, tofauti yao ilikaribia kwisha. Kumbe masta hana kumbukumbu ya ajabu. Anachoona ni mafungu: mfalme aliyekwisha kujificha nyuma ya vitunda vitatu (zile kete ndogo za mstari wa mbele) na ngome yake pembeni ni kitu kimoja kwake, kama wewe unavyosoma neno "karibu" bila kuhesabu herufi sita.

Mafungu hayo hukusanywa kwa maelfu, na ushahidi wa Argentina unaashiria kwamba anayeanza kuyakusanya mapema ana nafuu isiyoelezwa yote na idadi ya saa. Wapo wanaolinganisha na lugha: aliyezaliwa Pangani na aliyejifunza Kiswahili akiwa na miaka 30 wanaweza kuwa na msamiati sawa, lakini mmoja husikia kosa kabla hajajua ni kosa gani. Ulinganisho ni mzuri, ila usiubebeshe mzigo mzito. Katika lugha lafudhi husikika baada ya sentensi mbili. Katika sataranji hakuna anayeweza kutazama mchezo wa mtu wa 1900 na kukuambia alianza akiwa na 8 au 28. Tofauti huonekana juu kabisa, pale wachezaji wote wamekwisha jaza saa zao na kinachobaki ni wepesi wa jicho.

Na kuporomoka je? Mwaka 2020 Anthony Strittmatter, Uwe Sunde na Dainis Zegners walipima kwa kompyuta hatua zaidi ya milioni 1.6 kutoka michezo ya mabingwa wa dunia na wapinzani wao, ya mwaka 1890 hadi 2014. Ubora wa hatua ulipanda kwa kasi hadi miaka ya ishirini na mwanzo, ukafika kilele karibu na 35, kisha ukaanza kushuka taratibu baada ya 45 hivi. Hao ni watu waliofika ukingo wa uwezo wao. Mtu wa miaka 30 mwenye alama 1300 hajakaribia ukingo wowote. Kilele cha umri wake hakijapita, na akikwama asiende kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Atazame kwanza ratiba yake.

Waliochelewa wakafika

Joseph Blackburne wa Manchester alikua akicheza drafti. Habari za Paul Morphy, Mmarekani aliyetikisa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1850, ndizo zilizomhamisha, naye akiwa kijana wa miaka 17 au 18. Akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia kwa miongo kadhaa. Ye Jiangchuan wa China alianza akiwa na miaka 17, akitokea kwenye sataranji ya Kichina, akawa grandmasta na kupita 2650. Kenny Solomon wa Mitchells Plain, Cape Town, alianza akiwa na 13 baada ya kaka yake kuchaguliwa kwenda Olimpiadi ya Manila mwaka 1992. Cheo cha grandmasta alikipata kwa kushinda ubingwa wa Afrika mwezi Desemba 2014, akiwa na miaka 35, wa kwanza nchini kwake.

Mifano hii hutumiwa vibaya, kwa hiyo tuipepete. Blackburne na Chigorin waliishi zama ambazo hata wapinzani wao hawakulelewa na kocha tangu utotoni. Leo anayekaa mbele yako kwenye ubao wa juu alianza akiwa na 6 na ana injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua michezo, kama mwalimu wa usiku. Ye na Blackburne hawakuanza mikono mitupu: walileta kutoka mchezo mwingine ule uzoefu wa kuhesabu mbele, "nikienda hapa, akija pale". Vijana wetu waliokulia kwenye drafti ya vizibo vya soda au bao la kete wanao mtaji huo, pamoja na tabia moja ya kuacha mlangoni: katika drafti kula ni lazima, katika sataranji si lazima, na mcheza drafti mpya kwenye sataranji hula kila kinachoachwa wazi, mitego pia. Kwa upande wa pili, Solomon na Ashley wanaonesha kwamba 13 au 14 si jioni, lakini tazama pia walichukua muda gani: miaka kama 20 kila mmoja.

Tukiyaweka pamoja, tathmini yetu ni hii. Kwa ubingwa wa dunia na mia bora, mtu aanze mazoezi ya kweli kabla ya miaka 10 au karibu hapo. Gukesh Dommaraju, bingwa wa mwaka 2024 akiwa na miaka 18, alijifunza akiwa na 7 na alikuwa grandmasta kabla hajatimiza 13. Kwa ugrandmasta wa kawaida, mlango bado uko wazi kwenye miaka 13 na 14, umebanwa. Anayeanza akiwa na 30 asipange ugrandmasta, lakini 1800 hadi 2000 ni lengo la mtu mwenye akili timamu na miaka minane hadi kumi ya utulivu, na kwenye klabu nyingi za Afrika Mashariki hiyo ni nguvu ya kuogopwa.

Cha kufanya, kwa umri

Miaka 4 hadi 6. Usimwage kete zote 32. Panga vitunda peke yake, vinane kwa vinane, na kanuni moja: anayefikisha kimoja upande wa pili ndiye mshindi. Mchezo huo mdogo unafundisha kusonga, kula kwa mshazari, kuzuia na kuhesabu mbio. Baada ya wiki mbili tatu ongeza wafalme, kisha ngome, kisha askofu, kisha malkia, farasi awe wa mwisho kwa sababu mruko wake huchanganya. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mtoto akianza kuwafanya farasi walie na kukimbia mezani, funga sanduku, somo limekwisha.

Kosa kubwa la umri huu ni kumfundisha ule ushindi wa hatua nne, malkia na askofu wakiivamia nyumba ya f7 (safu za ubao huitwa kwa herufi a hadi h, mistari kwa namba 1 hadi 8) ambayo inalindwa na mfalme peke yake. Atawafunga darasa zima kwa mwaka mmoja na katika mwaka huo hatajifunza kitu. Siku atakapokutana na aliyejua kusukuma kitunda cha g hatua moja, malkia wake atafukuzwa ubao mzima huku mwenzake akitoa kete zake kila mara anapomtishia. Mfundishe kujikinga nao, usimfundishe kuutegemea.

Miaka 7 hadi 10 ndiyo yenye neema, na hapa mambo mawili yana thamani kuliko kocha wa bei. La kwanza ni kuandika hatua zake kwenye karatasi, maana mchezo usioandikwa hauwezi kusahihishwa. La pili ni mafumbo 10 hadi 15 kila siku, ya kumkwamisha mfalme, yaani kumshambulia asipate pa kukimbilia, kwa hatua moja, kisha mbili. Ongeza miisho mitatu, yaani hali za mwisho wa mchezo zenye kete chache, mpaka aifanye bila kufikiri: mfalme na malkia dhidi ya mfalme, mfalme na ngome dhidi ya mfalme, mfalme na kitunda dhidi ya mfalme. Huo wa kwanza una mtego wake: mtoto humbana mfalme pembeni mpaka anakosa pa kwenda bila kutishiwa, na mchezo unaisha sare akiwa na malkia mzima ubaoni. Ugonjwa wa umri huu ni kasi. Wengi husogeza ndani ya sekunde 3 hata wakipewa saa nzima. Dawa ya zamani ni kukalia mikono: haitoki mpaka aseme kwa sauti mpinzani anatishia nini.

Anayeanza akiwa na 11 hadi 14 anaelewa maelezo kwa haraka, anaweza kusoma kitabu peke yake, na kwa miezi sita anaweza kufika alipofika mdogo wake kwa miaka miwili. Kinachomwangusha ni kalenda: mitihani ya taifa, halafu bweni ambako simu haziruhusiwi. Ubao wa kukunja na kitabu cha mafumbo ndani ya sanduku la bweni humwokoa. Asiyekuwa navyo hupoteza miezi tisa ya mwaka na kuanza upya kila likizo.

Mtu mzima ana tatizo la kinyume na la mtoto. Anajua mengi kuliko anavyoona. Anaweza kukutajia majina ya funguzi sita, yaani mipango ya hatua za mwanzo, na bado anaacha ngome bure kwenye hatua ya 19. Chini ya alama 1500 michezo mingi huamuliwa na kete zilizoachwa bila ulinzi, wala si fumbo kubwa la mkakati. Kwa hiyo funguzi ziwe tatu tu: moja ukiwa na nyeupe, moja dhidi ya kitunda cha e4, moja dhidi ya d4, kila moja hadi hatua ya sita au ya nane. Usizibadilishe kwa mwaka mzima, hata ukipigwa.

Saa 5 za wiki zigawe hivi: saa 2 za mafumbo katika vipande vinne vya nusu saa, mchezo mmoja mrefu, dakika 45 kila upande, saa 1 ya kuuchambua mchezo huo, nusu saa ya miisho. Mafumbo yasiwe mapya kila siku. Chagua 300 ya kiwango chako, yamalize, kisha yarudie yote kuanzia la kwanza. Mzunguko wa pili uende kwa nusu ya muda, wa tatu kwa robo, na yanayokushinda mara mbili yaandike pembeni. Lengo ni kuyatambua kama sura ya jirani: farasi anayegusa kete mbili kwa mpigo, kete iliyobanwa kwa sababu ikisogea mfalme anabaki wazi. Watu wazima hupenda kukisia hatua ya kwanza na kuona kama programu itakubali. Huko ni kucheza kamari. Usiguse kioo kabla hujaiona hatua ya mwisho.

Uchambuzi uanze bila injini. Andika mwenyewe ulipohisi umeharibu na kwa nini, kisha ndipo uiwashe. Ukiiwasha kwanza utaona namba zikipanda na kushuka, utatikisa kichwa, na Jumamosi ijayo utarudia kosa lilelile. Michezo ya dakika 3 ya saa tano usiku usiihesabu kwenye mazoezi. Ni starehe, na starehe si haramu, lakini humzoesha mtu mzima pupa ambayo mtoto anajaribu kuiacha. Kwenye mashindano ya siku moja, raundi tano au sita, angalia uchovu: makosa ya kijinga ya watu wazima hurundikana raundi za mwisho. Toka nje kati ya raundi, kula kidogo, usikae ukumbini kutazama michezo ya wengine.

Mzazi na mtoto wanaoanza pamoja wasicheze sawa kwa sawa, maana mzazi atashinda kwa miezi kadhaa na mtoto atachoka. Mzazi aondoe malkia wake kabla ya kuanza. Mtoto akishinda mara 3 katika michezo 5, malkia arudi na iondolewe ngome. Tena 3 kati ya 5, ngome irudi na aondolewe farasi. Kisha kete zote, lakini mzazi dakika 5 na mtoto 15. Baada ya hapo dakika zisawazishwe, na kwa kawaida haupiti muda mrefu kabla mzazi hajaomba aongezewe za kwake.